Kupiga Kambi na Familia Nyanda za Juu Kusini: Jinsi ya Kuchagua Pa Kulala

Nazidi kuona familia zinazopanda Iringa na Mbeya kwa gari lao wenyewe na kulala humohumo. Mmoja ana Noah iliyotolewa viti vya nyuma ikawekwa godoro, mwingine Hiace aliyoipeleka kwa seremala ikatengenezewa vitanda na kabati, mwingine Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Karavani za kukokotwa ni chache, na nyingi ni za wageni wanaopita kuelekea Zambia na Malawi. Lakini uwe na gari la aina gani, swali linalowaumiza watu kichwa ni lilelile: tulale wapi?

Wengi hulijibu kwa kutazama picha, na picha hupigwa mchana, jua likiwaka, nyasi zikiwa kijani. Mchana familia inaweza kuvumilia karibu mahali popote. Usiku ndio unaoamua kama safari itaendelea. Mtoto akitetemeka mpaka alfajiri, au choo kikiwa mita mia moja gizani, au mbwa wakibweka mpaka kunakucha, kesho yake hakuna atakayefurahia maporomoko ya maji wala maua. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini nakuomba uulize habari za usiku kwanza. Mandhari ya huku hayana shida, utayapata tu.

Hatua ya 1: Anza na kalenda ya shule

Ukiwa na watoto wanaosoma, miezi yako ni miwili: Juni na Desemba. Na miezi hiyo, Nyanda za Juu Kusini ni kama nchi mbili tofauti.

Juni ni kiangazi. Mvua zimekatika, barabara za vumbi zinapitika, na katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nyasi zinaanza kukauka, kwa hiyo wanyama wanasogea kwenye mto. Ila ndiyo baridi inaingia, na itakaa mpaka Agosti. Mafinga, Njombe, Makete na Kitulo huwezi kuzichukulia kirahisi wakati huo; juu Kitulo kuna usiku wa umande kuganda. Ziwa Nyasa nalo, kuanzia Mei hadi Agosti, lina upepo wa mwera unaovuma toka kusini na kuleta mawimbi. Matema iko ncha ya kaskazini ya ziwa, kwa hiyo mawimbi yanaishia hapo hapo mtoto anapotaka kuogelea.

Desemba mvua zimeanza. Uwanda wa Kitulo unachanua, na maua yanaendelea mpaka Aprili. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 413, na watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, zikiwemo okidi za ardhini za aina nyingi sana. Tatizo ni kwamba maua na matope huja pamoja. Ruaha wakati huo ni ya kijani na ndege ni wengi, lakini wanyama wametawanyika na baadhi ya njia za ndani zinakuwa utelezi.

Ushauri wangu ni huu: Juni nenda Ruaha na ulale mashambani upande wa Iringa, Desemba nenda Kitulo kutazama maua mchana, kisha shuka ulale chini. Ukitaka vyote katika safari moja utaishia kuendesha tu.

Hatua ya 2: Soma mwinuko kabla ya kusoma umbali

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, maana ndiyo hatua watu wanayoiruka.

Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6 hivi za Selsiasi. Sasa tazama: Matema iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ruaha, kando ya mto, ni chini ya mita 1,000. Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,600 hivi, Mbeya 1,700, Mafinga ni juu zaidi ya hapo, na uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Kati ya Matema na Kitulo kuna tofauti ya zaidi ya mita 2,000, yaani nyuzi 13 hivi, na zote unaweza kuziona ndani ya siku moja. Familia iliyofungasha shuka za Matema haiwezi kulala Kitulo.

Mwinuko unagusa na jiko. Kwenye mita 2,600 maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 91 tu, kwa hiyo maharage yanaweza kukaa jikoni mchana kutwa bado magumu. Chemsha maharage nyumbani, au beba vyakula vinavyoiva haraka: mayai, tambi, ndizi, viazi vilivyokatwa vidogo. Mtungi wa gesi ukipoa sana nao moto wake hufifia. Asubuhi likinge jiko na upepo kabla ya kuwasha. Injini isiyo na turbo inapungua nguvu pia huko juu, jambo la kukumbuka kama gari limejaa watu saba na mizigo.

Kanuni ninayoifuata mimi: ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, usilale juu ya mita 2,000 kati ya Juni na Agosti kama hamna blanketi nzito, soksi, kofia na magodoro ya kuzuia ubaridi wa chini. Watu hujifunika vizuri juu wakasahau kwamba ubaridi mwingi unatoka chini. Mkeka peke yake hautoshi.

Chini kabisa, Matema na Ruaha, adui si baridi tena, ni mbu. Malaria iko huko mwaka mzima. Chandarua kinachoenea hema au mlango wa gari ni lazima, na kipimwe nyumbani kabla ya safari, maana vingi havifiki kwenye kona.

Hatua ya 3: Kata siku fupi

Iringa mpaka Mbeya ni kama kilomita 330 za lami. Kwenye karatasi ni saa nne. Barabarani ni saa sita au saba, kwa sababu barabara ya TANZAM, yaani ya Tanzania na Zambia, imebeba malori ya Zambia na Kongo, kila kijiji kina kibao cha 50, na watoto wanataka kushuka. Kama gari lako la kulalia lina uzito jumla wa tani 3.5 au zaidi, hesabu na muda wa mizani.

Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Panga kufika kambini saa kumi jioni. Saa mbili hizo za mwanga ndizo za kuchagua pa kuegesha, kufunga chandarua, kupika na kuwaogesha watoto. Usiendeshe usiku kwenye barabara hii ukiwa na familia. Lori lililoharibika bila taa ni jambo la kawaida, hasa kwenye miteremko.

Miteremko yenyewe: Kitonga, kabla ya Ilula ukitokea Dar, na ile ya kuingia na kutoka Mbeya mjini. Shuka kwa gia ambayo ungeipandia, usining'inie kwenye breki. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta pa kusimama, uache zipoe zenyewe, usimwagie maji.

Njia ya kwenda Kitulo kutoka Chimala inapanda Matamba kwa kona 57, ndiyo maana wenyewe wanaiita Hamsini na Saba. Gari refu au linalokokota karavani lisiende huko. Zunguka kupitia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, au tokea Njombe na Makete.

Hatua ya 4: Amua aina ya kambi

Kambi za shambani ndizo ninazozipendekeza kwa familia inayoanza. Mfano unaojulikana ni Kisolanza, kama kilomita 50 kutoka Iringa mjini ukielekea Mafinga, pembeni tu ya barabara kuu. Ni shamba kweli, lina eneo la mahema na magari, lina bafu za maji ya moto, na unaweza kununua mazao yao. Mtoto ana mahali pa kukimbia na mzazi ana mahali pa kukaa.

Kwenye kambi nyingi za aina hii maji ya moto hutoka kwenye pipa la chuma lililolazwa juu ya tanuru dogo la matofali. Jioni mhudumu anachochea kuni chini yake, na baada ya kama saa moja bomba linatoa maji yanayofuka moshi. Ukiwahi, watoto wanaoga moto kabla baridi haijaingia. Ukichelewa, kundi la lori la watalii limeshamaliza pipa. Uliza kuni zinawashwa saa ngapi, upange kuoga kabla ya kupika.

Kambi za hifadhini ni habari nyingine. Ruaha ina maeneo ya kupiga kambi ndani, na kulala kando ya Mto Ruaha Mkuu ukisikia viboko ni kitu ambacho watoto hawatakisahau. Lakini hakuna uzio. Tembo, fisi, hata simba hupita. Kwa gari la kulala ndani au hema la juu ya paa, na watoto wanaoelewa maana ya "usishuke", inafaa kabisa. Kwa hema la chini na mtoto wa miaka miwili anayeamka usiku, lala Tungamalenga, kijiji cha nje ya hifadhi chenye kambi kadhaa, uingie hifadhini alfajiri. Usiache matunda ndani ya hema wala karibu na gari. Tembo ananusa chungwa kutoka mbali, na gari halimzuii.

Hesabu ya hela Ruaha iko hivi: kibali cha kuingia ni cha saa 24, na ada ya kambi inalipwa mbali na ya kuingia. Ukiingia getini saa nane mchana, ukalala, ukatoka kesho kabla ya saa nane, umepata jioni moja na alfajiri moja, nyakati bora za kuona wanyama, kwa kibali kimoja. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, si kwa pesa mkononi, kwa hiyo weka salio Iringa mjini. Beba vitambulisho vya Taifa ili mlipe kiwango cha Mtanzania. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Mbung'o wako njiani na ndani, na wanavutwa na nguo za bluu na nyeusi. Wavishe watoto rangi ya udongo na mfunge vioo.

Kitulo ni tofauti na Ruaha kwa kuwa haina wanyama wakali wakubwa, kwa hiyo mnaweza kutembea kwa miguu katikati ya maua na watoto wakiwa huru. Kambi zake ni za kawaida sana. Jitegemee kwa chakula, maji, kuni na taa.

Halafu kuna nyumba za wageni za misheni na loji ndogo zenye uwanja. Matema na Tukuyu zipo, na nyingine hukubali gari lilale uani kwa ada ndogo, ukatumia choo na bafu lao. Watu wengi hawajui kwamba hili linaombeka. Omba kwa heshima, ueleze kwamba mko familia na mnajitegemea chakula.

Usilale kwenye vituo vya mafuta na maegesho ya malori pamoja na watoto. Pia usiegeshe tu porini au kando ya msitu wa watu. Ikibidi kulala kijijini, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mjitambulishe. Mkishajulikana, usalama wenu unakuwa wa kijiji kizima.

Hatua ya 5: Piga simu, uulize mambo yasiyoandikwa

Siku mbili kabla, piga. Bei uliza mwisho. Kwanza uliza: Maji yanatoka bombani usiku, au yanafungwa? Choo kiko mbali kiasi gani na gari litakapokaa, na kina taa? Mlinzi anakesha au analala? Je, wikiendi kuna sherehe na muziki hapo? Gari la urefu wetu linageuka bila kurudi nyuma? Hospitali ya karibu ni ipi?

Hilo la mwisho ujue na wewe mwenyewe. Upande wa Iringa kuna Tosamaganga, nje kidogo ya mji. Chimala kuna hospitali ya misheni. Matema nayo ina hospitali ya Kanisa la Kilutheri.

Kama anayepokea simu hana majibu ya maji na choo, tafuta kambi nyingine.

Hatua ya 6: Ukifika, zunguka kwanza kwa miguu

Usishushe hata sufuria kabla hujazunguka. Mwache mwenzio na watoto, wewe nenda kamsalimie mlinzi. Hapa ndipo pana elimu yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibuni, mmetoka mbali?"

"Dar. Tuko na watoto watatu. Tungekaa wapi usiku usitusumbue?"

Mzee aliyelinda uwanja ule kwa miaka atakuonyesha upepo unakotokea, maji yanakopita mvua ikinyesha, na upande wenye siafu. Mimi humsikiliza yeye kuliko meneja.

Kisha tazama juu. Nyanda hizi zimejaa milingoti, yaani mikaratusi, na mlingoti mkubwa hudondosha tawi zima bila upepo wala onyo. Kaa mbali nayo hata kama kivuli kinavutia. Tazama na chini: usiegeshe kwenye korongo kavu, mvua ya mlimani inaweza kuliteremshia maji ninyi mkiwa hamjaona hata tone. Bondeni, kule kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hewa baridi hutuama usiku. Panda mita chache tu ubavuni, na utashangaa tofauti ya asubuhi.

Kupima kama gari limekaa sawa, weka sufuria yenye maji sakafuni. Maji yakiegemea upande mmoja, sogeza gari au weka ubao chini ya tairi la upande ulioshuka. Ikishindikana, laleni vichwa vikiwa upande wa juu. Elekeza pua ya gari kwenye njia ya kutokea, na ufunguo ukae sehemu moja inayojulikana na watu wazima wote.

Choo kikaguliwe kabla ya giza, pamoja na mtoto, ili ajue njia. Kwa wadogo beba poti. Saa nane usiku kwenye baridi ya Mafinga hakuna kitu chenye thamani kama hicho.

Maji napigia hesabu lita 10 kwa kila mtu kwa siku, kunywa, kupika na kunawa. Madumu mawili ya lita 20 yajazwe kila mnapopata maji safi, hata kama kambi imeahidi bomba. Ya kunywa yachemshwe.

Hatua ya 7: Moto, tafadhali

Hili naliandika kwa uzito wote. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema wala ndani ya gari, hata kwa dakika kumi, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Gesi inayotoka kwenye mkaa haina harufu, inaleta usingizi, na inaua. Mikoa hii ya baridi watu wamezoea kuota moto ndani, na mgeni anaiga. Jiko la gesi nalo lisitumike kupasha joto chumba cha kulala. Joto la usiku litoke kwenye blanketi, uji wa moto kabla ya kulala, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo miguuni mwa mtoto.

Upande wa Mafinga mko jirani na misitu ya mipaina ya Sao Hill, na kiangazi cheche moja inatosha. Kokeni moto mahali palipoandaliwa tu, muuzime kwa maji mpaka majivu yawe ya kushikika.

Hatua ya 8: Panga mfuatano wa usiku

Kwa Juni, mfuatano ninaoupenda ni huu. Kutoka Dar vunjeni safari Morogoro au Mikumi. Kesho yake nunueni vitunguu Ruaha Mbuyuni na nyanya Ilula, mlale Iringa. Usiku miwili Tungamalenga, mkiingia Ruaha siku moja kwa kibali kimoja. Rudini Iringa kujaza mafuta na kufua, mlale Kisolanza. Njiani kwenda huko mpitie Isimila, kilomita kama 20 tu kutoka mjini, mwone zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Kisha Mbeya usiku mmoja, kwenye loji yenye uwanja, na mwisho mteremke Tukuyu. Tukuyu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo hata Juni turubai la kufunika mlango wa gari liwe karibu. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira mnaliona mchana, watoto wakishikwa mkono maana kingo zinateleza.

Usiku miwili ya mwisho iwe Matema. Chagueni eneo mbali na midomo ya mito, kwa sababu ndiko mamba walipo, mkumbuke mawimbi ya mwera, na muulize wenyeji sehemu ya kuogea kabla mtoto hajagusa maji. Ufuo unashuka ghafla, kwa hiyo mtu mzima asimame upande wa ziwa, mtoto awe kati yake na nchi kavu. Kama mko Jumamosi, nendeni soko la Lyulilo mnunue vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Vifungeni kwenye blanketi, viwekwe sakafuni katikati ya magodoro. Mkiondoka, ondokeni asubuhi, na masweta ya watoto yakae juu ya mizigo, maana joto la Kyela mtaliacha nyuma kabla hamjafika Isyonje.